Roboti Inayogeuka Lori: Uchambuzi wa Kisa cha Bega Lililovunjika, Ngamiani

Mgogoro ulioletwa mezani kwangu wiki ya sikukuu ya Idi ulihusu kichezeo kimoja cha plastiki, chenye umbo la roboti ya kimo cha sentimita 18, ambacho kikikunjwa kwa utaratibu wake hugeuka kuwa kichwa cha lori. Bibi mmoja wa Makorora alikinunua kwa shilingi 18,000 katika duka lililopo Ngamiani, jijini Tanga, akampa mjukuu wake wa miaka mitano asubuhi ya Idi, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili mkono wa kulia ulikuwa umekatika begani. Alipokirudisha dukani kudai fedha zake, mwenye duka alimwonyesha maneno yaliyogongwa mhuri chini ya risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akaongeza kuwa mtoto ndiye aliyekivunja kwa kukikunja kwa nguvu. Kwa kuwa wawili hao wanaheshimiana, na kwa kuwa mimi ni fundi wa vifaa vidogo ambaye wote wawili huniletea kazi zao, walikubaliana kwamba nikikague, niseme nilichokiona, na kila mmoja apokee.

“Mwanangu, mimi sitaki makuu, nataka haki yangu tu,” alisema bibi. Mwenye duka naye, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi mkononi, akaniambia: “Fundi, tazama mlango wa lori ulivyopauka. Hapo mtoto kaukamia.”

Swali waliloniletea, basi, lilikuwa moja: ni mtoto au ni kitu? Nililichukua swali hilo kama lilivyo, lakini naeleza mapema kwamba ukaguzi ulionyesha kuwa lilikuwa finyu kuliko jambo lenyewe. Alama ya nguvu za mtoto ilikuwepo kweli, na bado haikuwa hiyo iliyovunja bega. Na kasoro iliyostahili kuwatia wasiwasi zaidi haikuwa begani hata kidogo.

Kabla ya kufika kwenye kasoro hizo, ni lazima aina hii ya kichezeo ieleweke, kwa sababu haikaguliwi kama gari la kawaida wala kama mwanasesere wa kawaida. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na mifululizo miwili ya vichezeo, Diaclone ulioanza mwaka 1980 na Micro Change ulioanza mwaka 1983, ambamo roboti ziligeuka kuwa magari na vyombo vya nyumbani. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilivichukua vichezeo hivyo, ikavipa majina na hadithi, ikaviuza kwa jina la Transformers. Lori jekundu ambalo watoto wa leo wanalijua kwa jina la Optimus Prime lilitoka katika mfululizo wa Diaclone. Tangu hapo viwanda vingi, vyenye leseni na visivyo nayo, vimekuwa vikitoa vitu vya namna hiyo, na vingi vinavyofika kwenye maduka ya Tanga havina jina la kampuni yoyote.

Ugumu wa kichezeo cha namna hii ni kwamba kila kipande kina kazi mbili. Mlango wa lori ndio pembeni mwa kifua cha roboti. Mikono hulala ubavuni mwa kabini. Miguu hunyooka nyuma ikawa sehemu ya kubebea tela. Kila kiungo lazima kilegee kiasi cha kugeuka na kikaze kiasi cha kusimama, jambo ambalo haliwezekani kwa aina moja tu ya plastiki. Ndiyo maana watengenezaji makini hutumia ABS, ambayo ni ngumu na hupokea rangi vizuri, kwa mwili. POM, ambayo ni telezi na haichakai upesi, kwa viungo vinavyosuguana. Polikaboneti kwa vioo. Na plastiki laini kwa ncha zinazoweza kumchoma mtoto jichoni. Mtu anayekikagua kikiwa roboti, akakiona kinapendeza, kisha akakikagua kikiwa lori, akakiona kinapendeza, atakuwa bado hajakikagua. Kinachopaswa kupimwa ni safari ya kutoka umbo moja hadi jingine, kwa kuwa huko ndiko mtoto anakotumia muda wake na ndiko vitu hivi vinakofia.

Nilianza na hilo. Kwa mkono mmoja uliobaki nilikunja kichezeo kwa kufuata karatasi ya maelekezo, ambayo ni michoro midogo yenye maandishi ya Kichina, isiyo na neno la Kiswahili wala la Kiingereza. Mchoro wa tatu unaonyesha kifua kikiwa kimefungwa. Mchoro wa nne unaonyesha mikono ikiwa imeshaingia ubavuni. Kati ya michoro hiyo miwili kuna hatua iliyorukwa: mabega lazima kwanza yavutwe nje karibu nusu sentimita, ndipo mikono izungushwe kwenda nyuma. Bila hatua hiyo ngumi hugonga ukingo wa mlango, na mkunjaji, awe mtoto au mtu mzima, huhisi kitu kimekwama na huongeza nguvu. Mimi mwenyewe niligundua hatua hiyo kwa sababu nilikitazama kiungo kwa lensi, nikaona mfereji ambao bega linatelezea. Mtoto wa miaka mitano hatazamiwi kufanya hivyo.

Kwa hiyo mwenye duka alikuwa na haki kwa sehemu. Ukingo wa mlango wa kulia ulikuwa na mkwaruzo wa rangi ya ngumi, na kikonyo kinachoushikilia mlango kilikuwa kimepauka na kuwa cheupe mahali kilipokunjika. ABS huacha alama ya namna hiyo inapopindwa kupita kiasi: nyenzo hutanuka ndani, hupasuka vitundu visivyoonekana kwa macho, na mwanga unapovipitia rangi huonekana imefifia. Mtoto alitumia nguvu, na alama ya nguvu zake iko pale. Bibi alipoelezwa hivyo hakubisha. Alisema tu kwamba mjukuu wake si mharibifu, na mimi sikuona sababu ya kumpinga, maana kukazania kitu kilichokwama si uharibifu.

Lakini kikonyo kilichopauka hakikuvunjika. Kilipinda, kikaacha alama, kikarudi. Kilichovunjika ni bega, na bega halikuwa na weupe wowote.

Hapa inafaa nieleze kwa utulivu. Mkono umeshikwa begani kwa pini ya chuma yenye kipenyo cha mm 2, iliyopigiliwa ndani ya tundu la plastiki ambalo ukuta wake, nilipoupima kwa venia, yaani kifaa cha kupimia unene mdogo, haukufika mm 1. Pini inapokuwa nene kidogo kuliko tundu, plastiki inayoizunguka hubaki imetanuliwa saa zote, kichezeo kikiwa mkononi mwa mtoto au kikiwa kimelala ndani ya boksi. Plastiki inayovutwa bila kupumzika haihitaji kupigwa ili ipasuke. Hupata ufa mwembamba kama unywele, ufa huo hutambaa taratibu, na siku moja kipande hujitenga kwa nguvu ndogo sana. Mpasuko wa namna hiyo huwa safi, hauna weupe, na kingo zake hukutana vizuri ukizirudisha pamoja. Ndivyo lilivyokuwa bega hili. Zaidi ya hapo, mpasuko ulipita hasa kwenye mstari mwembamba ambao mtu wa kalibu, yaani umbo la chuma ambamo plastiki hufinyangwa, angeutambua mara moja: plastiki iliyoyeyuka inaposukumwa ndani ya kalibu na kukuta kizuizi kinachotengeneza tundu, hugawanyika mikondo miwili, huzunguka, na hukutana upande wa pili. Mikondo hiyo ikiwa imeshapoa kidogo haishikani sawasawa, na mahali ilipokutania hubaki kuwa mahali dhaifu kuliko pote. Mtengenezaji makini hupanga mstari huo uangukie mahali pasipobeba mzigo. Huyu aliuacha uangukie palepale pini inapotanulia.

Maelezo hayo, hata hivyo, yangeweza kubaki maneno ya fundi tu, na mwenye duka alikuwa na haki ya kuyatilia shaka. Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, ambao haukuvunjika na ambao mlango wake haukuwa na mkwaruzo wala weupe. Chini ya lensi, kwenye tundu la pini, upande uleule, kulikuwa na ufa uleule, haujafika ukingoni. Nilimpa mwenye duka lensi aangalie. Aliangalia kwa muda, akageuza kichezeo kwenye mwanga wa mlango, akaangalia tena, kisha akasema huenda mtoto aliukamia mkono huo pia.

Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na njia ya kulijibu ilikuwa moja. Nilimwomba alete boksi ambalo halijafunguliwa kutoka katoni ileile. Alisita, kwa kuwa boksi likishafunguliwa bei yake hushuka, lakini akamtuma kijana wake. Tulikata vifungo vya waya mbele ya bibi, tukakitoa kichezeo ambacho hakikuwahi kukunjwa na mtu, na kwenye bega la kulia ufa ulikuwepo. Bega la kushoto la hicho kipya lilikuwa zima. Mwenye duka hakuzungumza tena habari za mtoto.

Kipimo kingine nilikifanya kwa ajili ya kujiridhisha mimi, na nakieleza kwa sababu mtu yeyote anaweza kukirudia nyumbani. POM ni nzito kuliko ABS: msongamano wake ni takriban gramu 1.4 kwa sentimita ya ujazo, ilhali wa ABS ni takriban 1.05. Maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi ikaanza kubaki chini bila kuyeyuka hufika takriban 1.2, yaani katikati ya hizo mbili. Nilichukua kipande cha bega kilichokatika, nikang'oa pini, nikakitumbukiza kwanza katika maji ya kawaida, kikazama. Kisha katika glasi ya maji ya chumvi, kikaelea. Kiungo kinachosuguana, basi, hakikutengenezwa kwa POM. Kimetokana na plastiki ileile ya mwili, au jamii yake, na hiyo inaeleza pia kwa nini viungo vya magoti vilikuwa vimeanza kutoa ungaunga mweupe baada ya siku mbili tu za kuchezewa.

Kuhusu umbo la lori nitasema machache. Matairi mawili ya mbele hayagusi meza, kwa hiyo lori husukumwa likiwa limeinua pua. Rangi ya fedha kwenye bampa hutoka kwa ukucha. Tela haiambatani nalo ingawa picha ya boksi inaionyesha. Hizo ni kasoro za kitu cha bei ya chini na sioni sababu ya kuzikuza. Mjukuu mwenyewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya bibi yake muda wote, alipoulizwa alisema lori ndilo analolipenda, roboti ni ya kaka yake, ambaye ndiye anayejua kukigeuza. Jibu hilo lilinifaa kuliko maandishi ya boksi: kaka huyo ana miaka tisa, na huo ndio umri ambao kichezeo chenye hatua nyingi hivi kinaanza kueleweka. Boksi linasema kuanzia miaka 3.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Kifua cha roboti kina taa nyekundu na sauti ya injini, vinavyoendeshwa na betri tatu ndogo za duara za aina ya LR44, zile zinazotumika kwenye saa na vikokotoo, kila moja ikiwa na kipenyo cha mm 11.6 na unene wa mm 5.4. Mfuniko wa betri uko mgongoni. Nilitarajia kuhitaji bisibisi. Nilifungua kwa ukucha. Nilipoutazama mfuniko huo vizuri niliona kwamba tundu la skrubu lipo, limetengenezwa vizuri kwenye kalibu, na chini yake kuna nguzo ya plastiki yenye shimo la kupokea skrubu hiyo. Skrubu ndiyo haikuwekwa. Kwenye kile kipya kilichotoka ndani ya boksi lililofungwa tundu lilikuwa tupu vilevile. Haikupotea mikononi mwa mtoto; kiwandani waliiacha. Kalibu hiyo ilichongwa na mtu aliyejua kwamba mfuniko lazima ufungwe kwa chombo, au ilinakiliwa kutoka kwa kichezeo cha mtu aliyejua hivyo, kisha aliyekuwa akiunganisha vipande akaokoa gharama ya skrubu moja.

Uzito wa jambo hili unapaswa kuelezwa bila kuongeza chumvi. Betri za duara zilizo hatari zaidi zikimezwa ni zile bapa za lithiamu zenye kipenyo cha mm 20, kwa kuwa hukwama kwenye umio wa mtoto, na umeme wake, unapopita kwenye unyevunyevu wa mwili, hutengeneza magadi makali yanayoweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. LR44 ni ndogo na volti yake ni nusu ya hizo, mara nyingi hupita. Lakini mtoto mdogo sana inaweza kumkwama, na ikisukumwa puani au sikioni na kusahaulika huunguza kwa namna ileile. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha vichezeo vya umeme, IEC 62115, kinataka betri ndogo za namna hii zisifikiwe bila kutumia chombo. Bibi alipoyasikia haya aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa swali sahihi: yule mdogo wao je? Nyumbani kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu, dada wa huyu mjukuu, ambaye kila kinachoanguka sakafuni huishia mdomoni mwake.

Swali la bibi linaonyesha pia udhaifu wa ile alama ya boksi, ya uso wa mtoto uliopigwa mstari na tarakimu 0-3. Alama hiyo inamwambia mzazi kwamba kitu hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kwa maana ya kiwango ni onyo halali. Lakini katika nyumba za Makorora, kama zilivyo nyumba nyingi za mwambao, watoto wa wazazi tofauti hucheza kwenye ua mmoja, na kichezeo cha mkubwa ni cha mdogo pia mara mkubwa anapoitwa kutumwa dukani. Anayekagua kichezeo kwa ajili ya nyumba hizo hana budi kumfikiria mtoto mdogo kuliko wote uani.

Nilipima na vipande vinavyochomoka. Viwango vya vichezeo hutumia kopo dogo la silinda lenye kipenyo cha mm 31.7, ambalo kina chake kimekatwa mshazari kutoka mm 25.4 hadi mm 57.1, kipande kinachozama humo chote bila kubanwa huhesabiwa kuwa kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mkono uliokatika una urefu wa mm 70, kwa hiyo hauzami. Ngumi, hata hivyo, imeshikwa kwa kiungo cha gololi na huchomoka kwa kuvutwa na vidole viwili. Urefu wake ni mm 15, nayo inazama bila shida. Hata vichezeo vizuri vya aina hii huwa na ngumi zinazochomoka, na onyo la boksi limewekwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo sikuihesabu kuwa kasoro ya kiwanda. Niliitaja kwa bibi tu, naye akaikumbuka.

Boksi lenyewe lilikuwa na herufi CE na maneno ya jumla kuhusu usalama. Wanunuzi wengi wa hapa huzichukulia herufi hizo kama cheti. Kwa vichezeo vingi maana yake ni kwamba mtengenezaji mwenyewe anatangaza kuwa bidhaa yake inatimiza masharti ya Ulaya, na masharti hayohayo yanamtaka aandike jina lake na anwani yake, pamoja na za mwingizaji. Boksi hili halikuwa na jina la mtengenezaji, anwani, wala namba ya toleo. Tangazo lisilo na mtangazaji haliwezi kumsaidia mtu anayetafuta wa kumuuliza.

Kuhusu nani alipe, mimi si mwanasheria, lakini misingi ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi yetu si siri. Anayenunua kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo ana haki ya kupata kitu chenye ubora wa kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambazo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuzifichua kama alikikagua kabla ya kununua. Bibi alikiona kichezeo kupitia dirisha la nailoni la boksi, kikiwa kimefungwa kwa waya. Ufa ulikuwa begani, chini ya pini, na hata mimi niliuona kwa lensi. Hakuna ukaguzi wa dukani ambao ungeufichua. Kama mkono ungevunjika kwa nguvu za mtoto peke yake, kwenye kitu kizima, ningesema wazi kwamba mwenye duka hana deni. Na kuhusu mhuri wa “hairudishwi”, maneno ambayo mnunuzi huyasoma baada ya kutoa fedha ni vigumu kuyaita makubaliano.

Nilitoa maoni yangu kwa mpangilio huo mbele ya wote wawili: kwamba mtoto alikikazania, na alama ipo, kwamba alikikazania kwa sababu karatasi ya maelekezo imeruka hatua, kwamba bega lilikuwa na ufa kabla hajalishika, na kwamba hata kama bega lingekuwa zima, kichezeo hakikufaa kuingia kwenye nyumba yenye mtoto mdogo kikiwa na mfuniko wa betri usiofungwa. Mwenye duka alirudisha shilingi 18,000 zote. Alisema, “Shangazi, samahani, hili mimi sikulijua,” na naamini hakulijua, maana duka lake lina ndoo, sufuria, madaftari na taa za sikukuu, na hakuna anayetarajia afungue kila katoni inayotoka Kariakoo.

Suala la maboksi yaliyobaki ndilo lililotugawa. Kwa upande wa betri, dawa ilikuwa rahisi: skrubu ndogo za kujikata njia, za kipenyo cha mm 2, ninazo kwenye droo, na zinaingia kwenye shimo lililoachwa wazi kana kwamba zilikuwa zikisubiriwa. Mwenye duka alitaka niziweke zote, kisha aendelee kuuza kwa bei ya chini kwa watoto wakubwa. Mimi nilikubali kuweka skrubu, na nikakataa kusema kwamba baada ya hapo mali imepona. Bega halina dawa. Gundi ya haraka ikimiminwa kwenye ufa huingia kwenye pini na kugandisha kiungo, na kiungo kilichoganda hukatika mara ya kwanza kinapozungushwa. Kutoa pini na kupanua tundu kwa keekee ndogo kungesaidia kwa mabega ambayo hayajapasuka, lakini kazi hiyo kwa kila bega ingezidi thamani ya kichezeo. Yeye alijibu kwamba mnunuzi akielezwa kasoro, akaikubali na bei ikashushwa, hakuna aliyedhulumiwa. Hoja hiyo ina nguvu kwa mnunuzi aliyesimama mbele yake. Haina nguvu kwa mtoto atakayepewa zawadi na mjomba ambaye hakumweleza mtu nyumbani alichoambiwa dukani, na pini ya chuma ikibaki imechomoza begani baada ya mkono kukatika, si kitu cha kuachia mikono ya watoto.

Nilimshauri airudishe katoni kwa muuzaji wa jumla, na hapo ndipo tulipokutana na kikwazo ambacho hakikuwa cha kiufundi. Risiti aliyokuwa nayo ilisomeka “vichezeo mchanganyiko”, bila aina, bila namba, bila idadi ya kila kitu. Muuzaji wa jumla angeweza kusema kwamba katoni hiyo haikutoka kwake, na asingekuwa amedanganya kwa mujibu wa karatasi. Kwa hiyo nilimwandikia ukurasa mmoja wenye vipimo vya tundu na pini, maelezo ya ufa ulioonekana kwenye kichezeo kilichotoka ndani ya boksi lililofungwa, na maelezo ya mfuniko usio na skrubu, nikabandika picha tatu nilizopiga kwa simu kupitia lensi. Nilimwambia pia kwamba, ikiwa muuzaji wa jumla atakataa, Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani ndiko kwa kupeleka nakala, kwa kuwa kasoro iliyo kwenye katoni ya Tanga haiwezi kuwa kwenye katoni ya Tanga peke yake.

Ukurasa huo na kile kichezeo kilichovunjika vilipelekwa Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi lake la awali. Jibu halijarudi hadi ninapoandika haya. Maboksi mengine yameondolewa rafu ya mbele, na mwenye duka ameniambia kwamba skrubu zangu atazihitaji kwa vyovyote vile, iwe atayauza au atayarudisha, kwa kuwa watoto wake mwenyewe hulala chumba cha nyuma ya stoo.